Kupiga Picha za Gazeti Katika Nchi ya Wakajuni: Niliyojifunza Kazini na Nje ya Kazi

Watu wa nyumbani wakisikia kwamba ninapiga picha za gazeti kusini mwa jimbo la Louisiana, Marekani, swali la kwanza huwa ni la mamba na vinamasi. Mamba wapo na vinamasi vipo, lakini juma langu la kawaida halina chochote kati ya hivyo: Jumatatu ni kikao cha baraza la mji, Jumanne ni mwalimu mstaafu anayepewa cheti, Jumatano ni meneja wa benki na mkuu wa shule wameshikilia hundi ya karatasi ngumu yenye upana wa meza, Alhamisi ni lori lililopinduka kwenye barabara kuu ya 10, na Ijumaa usiku, msimu wa masomo unapoanza, ni mpira wa Kimarekani wa shule za sekondari. Ninaandika haya kwa sababu wapigapicha vijana wa Dar es Salaam na Nairobi, hasa waliobahatika kupata viza kwa bahati nasibu, huniuliza namna ya kuingia katika kazi hii, na ninaona wengi wao huitazama kazi ya kila siku kama adhabu ya kuvumiliwa mpaka ipatikane nafasi ya kufanya kazi yao wenyewe. Kwangu mambo yalikwenda kinyume. Karibu kila picha ya maana niliyopiga kwa ajili yangu ilitokana na mtu niliyekutana naye kwenye kazi ndogo ya gazeti ambayo hakuna mwenzangu aliyeitaka.

Lazima kwanza ujue uko kwa nani. Eneo hili huitwa Acadiana, lina wilaya 22, na mji wake mkubwa ni Lafayette. Wakajuni ni wazao wa Waakadia, yaani Wafaransa waliokuwa wakiishi Nova Scotia (Kanada ya leo) mpaka Waingereza walipoanza kuwafukuza mwaka 1755, na ambao walianza kufika Louisiana katika miaka ya 1760 baada ya kutangatanga kwa namna nyingi. Kando yao, na mara nyingi wakiwa wamechanganyika nao, wapo Wakrioli weusi (watu wenye asili ya Afrika na utamaduni wa Kifaransa), Waindiani wa asili, na wazao wa Wajerumani na Wahispania. Katiba ya jimbo ya mwaka 1921 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha pekee ya kufundishia, na wazee wengi niliowapiga picha waliadhibiwa shuleni walipokuwa watoto kwa kosa la kuzungumza Kifaransa cha nyumbani kwao. Nilipoyafahamu hayo, nilielewa kwa nini mzee anaweza kukukaribisha kahawa kwa ukarimu mkubwa na bado akauliza mara mbili picha zake zinakwenda wapi. Watu hawa wamechoka kuonyeshwa kama maajabu.

Jambo la pili ni majina. Katika mji mdogo, jina lililokosewa kwenye maelezo ya picha huwaudhi ukoo mzima, na ukoo wenyewe una watu mia tatu wanaonunua gazeti. Hebert hutamkwa bila herufi ya kwanza wala ya mwisho. Thibodeaux ni ukoo na Thibodaux ni mji. Kwa hiyo sisikilizi jina nikaliandika mwenyewe: ninampa mtu daftari langu aliandike kwa mkono wake, kuanzia aliyesimama kushoto, kisha ninapiga picha ya ukurasa huo ili ukae pamoja na picha zao. Wakati daftari linazunguka, ndipo wanaponiuliza swali ambalo huulizwa kila mgeni huku, yaani mama yangu ni nani. Ninajibu kwamba mama yangu ni mtu wa Tanga, hawamjui, na wanacheka. Lakini swali lenyewe limeshafungua mazungumzo, na hapo ndipo ninapopata habari ambazo hazikuwamo katika karatasi ya mhariri.

Picha ya hundi kubwa haihitaji zaidi ya dakika tatu. Ninashauri uifanye vizuri na haraka, uwaruhusu watabasamu, kisha ubaki. Picha kama hiyo ni ya kupangwa na kila msomaji analijua hilo. Lakini tukio la habari halipangwi wala halirudiwi. Wengi wetu tumekulia katika utaratibu wa kumwambia mheshimiwa ashikane mkono tena kwa sababu flashi haikuwaka. Huku, kanuni za chama cha kitaifa cha wapigapicha wa habari, kilichoanzishwa mwaka 1946, haziruhusu jambo hilo, na mhariri akigundua kwamba ulimwomba zimamoto arudi nyuma apite tena na mpira wa maji, kazi yako iko hatarini. Ukiikosa picha, umeikosa.

Mpira wa Ijumaa ndio unaowavunja moyo wageni. Viwanja vya miji midogo vina taa za zamani zinazopepesa kwa kasi ambayo jicho haliioni, hivyo picha mbili zilizofuatana katika shambulizi lile lile hutoka moja ya manjano na nyingine ya kijani. Utahitaji lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye uwazi wa f/2.8, utaipandisha ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 au zaidi, na bado utapata punje nyingi kuliko unavyopenda. Gazeti letu huchapwa mbali, kwa hiyo picha ya kwanza lazima iondoke wakati wa mapumziko. Hukaa ndani ya gari, kompyuta magotini, mbu wakiingia kwa dirisha ninaloshindwa kulifunga kwa sababu ya joto. Picha zinazobaki kukumbukwa lakini huwa ni za pembeni mwa uwanja: mchezaji aliyeumia anayekataa kutazamwa na daktari, mpiga tarumbeta wa bendi ya shule aliyesinzia, akina mama wanaopika kwenye chungu kikubwa nyuma ya magoli. Wahariri huzichapa mara chache. Zipige hata hivyo, uandike majina.

Unyevu wa huku hauna tofauti na ule wa pwani yetu mwezi Machi, na anayetoka Tanga au Mombasa hatashangaa. Ukitoka na kamera kutoka kwenye gari lenye kiyoyozi kali, kioo cha lenzi hujaa ukungu papo hapo, ukikifuta hurudi, na tukio halisubiri. Mimi huzima kiyoyozi mapema kabla ya kufika na kushusha madirisha, au huiacha kamera ya pili kwenye buti la gari ambako ubaridi haufiki. Watu huniona mwendawazimu ninapoingia mitaani nikiwa nimeloa jasho, lakini picha yangu ya kwanza huwa safi.

Kazi kubwa ya mwaka ni Mardi Gras, sherehe za Jumanne ya kabla ya Jumatano ya Majivu. Sherehe za New Orleans zinajulikana duniani. Za vijijini ni jambo jingine. Katika miji kama Mamou, Church Point na Eunice, watu waliovaa barakoa za wavu wa waya na kofia ndefu zilizochongoka hupita nyumba kwa nyumba, wengine juu ya farasi, wengine kwenye matela, wakiomba vitu vya kupikia supu nzito ya gumbo ambayo kijiji kizima kitakula jioni. Anayewaongoza ni kapteni, ambaye havai barakoa. Yeye hutangulia peke yake na bendera nyeupe kupiga hodi kwa mwenye nyumba, na akikubaliwa ndipo kundi zima huingia mbio, huimba, hucheza, na hatimaye humkimbiza kuku aliyerushwa hewani mpaka wamkamate matopeni.

Mpigapicha anayemparamia mchezaji bila kumwona kapteni hufukuzwa, na ni haki yao. Mimi humtembelea kapteni majuma kadhaa kabla, bila kamera. Siku yenyewe husimama upande wa jua, mbali na mikia ya farasi, na sijawahi kumtaka mtu avue barakoa kwa ajili ya maelezo ya picha; huandika kwamba ni mchezaji wa mbio za mji fulani, na mhariri amezoea. Picha zote za kuku hufanana baada ya mwaka wa pili. Ninachokitafuta sasa ni mwenye nyumba: bibi kizee aliyekaa barazani na kuku wake mikononi tangu asubuhi, akiwasubiri, akiwa na wasiwasi kwamba mwaka huu pengine watapita njia nyingine.

Chakula nacho ni sehemu ya kazi, na kwangu kilikuwa na ugumu wake kwa sababu nimelelewa katika nyumba ya Kiislamu. Wakati wa baridi familia hukusanyika kuchinja nguruwe, na kila kitu hutengenezwa siku hiyo hiyo: soseji ya wali na maini iitwayo boudin, ngozi iliyokaangwa, nyama ya kugawana. Kukataa chakula katika ua wa mtu ni kumvunjia heshima, na kulitaja jambo hilo wakati sahani imeshanyooshwa ni kuchelewa. Ninaposalimiana na mwenye nyumba tu, humweleza kwamba sili nguruwe na kwamba nitafurahi kupewa kahawa. Hakuna aliyewahi kukasirika. Mara nyingi mtu hutumwa jikoni kunikaangia mayai.

Sitaficha kwamba kuwa mtu mweusi mwenye begi kubwa kwenye barabara ya shamba, jioni, katika jimbo ambako watu wengi wana bunduki, ni jambo la kufikiriwa kabla ya kuzima injini. Sheria inakuruhusu kupiga picha ukiwa mahali pa umma, lakini sheria haiko pale getini. Piga simu kwanza. Egesha gari panapoonekana. Vaa kitambulisho cha gazeti nje ya shati. Taja jina la mtu aliyekuelekeza. Wapo walionitazama kwa muda mrefu bila kujibu salamu, na wapo waliodhani nimekuja kusoma mita ya umeme. Kwa upande mwingine, rangi hiyo hiyo ilinipa wepesi kwenye misafara ya farasi ya Wakrioli weusi, ambako mamia ya wapanda farasi huzunguka mashambani Jumapili nzima na kumaliza kwa kucheza zydeco, muziki wa kodiani na ubao wa bati wa kifuani ambao Clifton Chenier wa Opelousas aliufikisha duniani. Huko niliitwa binamu siku ya kwanza. (Lipo pia tamasha kubwa la kimataifa la Lafayette, lililoanza mwaka 1987, ambalo hufanyika Aprili na kualika bendi nyingi za Afrika. Mhariri hunipangia bendi hizo zote, akiamini kwamba tunajuana.)

Vimbunga ni somo linalojitegemea. Kimbunga Laura kilipiga pwani ya Cameron usiku wa kuamkia tarehe 27 Agosti 2020, kikiwa na upepo wa karibu kilomita 240 kwa saa, na wiki sita baadaye, tarehe 9 Oktoba, Kimbunga Delta kikatua karibu na hapo hapo, juu ya mapaa ambayo bado yalikuwa yamefunikwa maturubai ya buluu. Ukienda kwenye eneo kama hilo, nenda na mafuta ya gari ya kwenda na kurudi, maji, fedha taslimu kwa kuwa mashine za kadi hazifanyi kazi, viatu vyenye soli ngumu kwa sababu ya misumari, na uwe umechanjwa pepopunda. Mtandao wa simu utakosekana. Panga mapema ni umbali gani utarudi nyuma ili utume picha. Kuhusu watu, nina kanuni moja: mtu aliyesimama mbele ya nyumba yake iliyobomoka ninamsalimu kwanza na kumpa maji, kamera ikiwa begani, na akisema hataki, ninaondoka hata kama mwanga ni mzuri. Nilirudi kutoka Lake Charles, mji uliopigwa na vimbunga hivyo, nikiwa siwezi kulala, na kwa muda mrefu harufu ya friji zilizooza ilinijia nikiwa nimekaa sebuleni. Gazeti letu lilikuwa na utaratibu wa kumlipia mfanyakazi mshauri nasaha. Nilikwenda, na ningemhimiza kila mtu aende bila kusubiri kuambiwa.

Sasa nieleze kazi yangu binafsi, kwa sababu ilianzia kwenye hundi. Katika hafla moja ya kuwapa wanafunzi fedha za masomo ya kilimo, mzee mmoja alisimama mwisho wa mstari akiwa wazi kwamba amechoka kutabasamu. Alipokuwa akiandika jina lake kwenye daftari langu, aliniambia kwamba juma lile alikuwa anaanza kujaza maji mashamba yake ya mpunga. Nilimuuliza kwa nini ajaze maji mwezi Oktoba wakati mpunga umeshavunwa, naye akanitazama kana kwamba nimeanguka kutoka mwezini.

Mzunguko wake ni huu. Mpunga hupandwa Machi na Aprili. Kamba wa maji baridi, wenye magando kama ya kamba-koche lakini wadogo wa kutosha kiganja, huachiwa shambani mwishoni mwa masika. Maji yanapotolewa ili mpunga uvunwe, wao huchimba mashimo ardhini na kukaa humo kiangazi chote. Vuli maji yakirudishwa hutoka na watoto wao, hula mabua yaliyobaki, na kuanzia mwanzoni mwa mwaka hadi Mei hutegwa. Mahitaji huwa makubwa zaidi wakati wa Kwaresima, kwani Wakatoliki hawali nyama siku za Ijumaa, na siku ya Ijumaa Kuu yenyewe karibu kila ua una sufuria inayochemka. (Siku hiyo hiyo asubuhi huwa napiga picha za waumini wanaotembea Njia ya Msalaba kutoka St. Martinville hadi Catahoula, wakisimama kwenye vituo vilivyowekwa kwenye mialoni ya kando ya barabara.)

Niliomba ruhusa ya kwenda na mzee yule siku zangu za mapumziko. Boti lake ni la alumini, tambarare, na husukumwa na gurudumu la chuma lililo nyuma ambalo hutembea juu ya matope. Halisimami hata mara moja. Mkono mmoja hunyanyua mtego wa waya, huumwaga kwenye meza ya kuchambulia, hutia kipande cha samaki wa chambo, na kuuchomeka mtego uliotayarishwa mahali pa ule uliotolewa, wakati boti limeshaufikia mwingine. Kamba wadogo huanguka na kurudi majini kupitia mianya ya meza. Wakubwa husukumwa kwenye gunia la wavu. Ndege weupe hufuata nyuma. Kwa muda mrefu picha zangu za boti hilo zilikuwa za ndege tu, kwa kuwa ndege ni wazuri. Mzee alizitazama na kusema kwamba hakujua anafuga ndege. Tangu hapo nikaanza kupiga picha za mkono wake.

Kiangazi cha 2023 kilikuwa na ukame na joto la kupindukia. Ardhi ilipasuka, unyevu ukatoweka kwenye mashimo, na kamba wengi wakafia humo kabla maji hayajarudishwa. Mwanzoni mwa 2024 mitego ilitoka karibu mitupu, bei ikapanda kiasi kwamba familia nyingi zilighairi kuchemsha, na mwezi Machi gavana Jeff Landry akatangaza hali ya maafa. Magazeti yote yalikwenda kwenye mikahawa kupiga picha za vibao vya bei. Mimi nilikuwa na picha za shamba lile lile likiwa limejaa na likiwa limepasuka, na mzee alikubali zitumike kwa sharti moja, kwamba isichapwe picha yake ya kuomba huruma. Mhariri alitaka ile ambayo ameshika kichwa. Nilikataa kuitoa. Mazungumzo yalikuwa makali, na iliyochapwa ikawa ya meza ya kuchambulia yenye kamba watatu.

Niliweza kukataa kwa sababu ya karatasi moja. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976, picha unazopiga kama mwajiriwa ndani ya majukumu yako ni mali ya mwajiri, moja kwa moja, bila wewe kusaini chochote. Picha za siku ya mapumziko huwa na utata: kamera ya nani, gari la nani, ulijitambulisha kama nani? Nilipoajiriwa niliomba barua inayosema kwamba kazi isiyopangwa na gazeti, iliyofanywa nje ya saa zangu kwa vifaa vyangu, ni yangu, na kwamba gazeti litakuwa la kwanza kupewa nafasi ya kuinunua. Ilichukua muda kupatikana, na mtu wa ofisi ya utumishi alishangaa, lakini haikukataliwa. Iombe kabla ya kusaini mkataba, wakati bado wanakutaka. Kumbuka pia kwamba mwaka 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapigapicha wake wote 28 kwa siku moja. Katika kazi hii mtu hutakiwa kujua atakachotoka nacho.

Gharama zenyewe si ndogo. Vifaa vya kazi binafsi nilivinunua vilivyotumika, na hata hivyo vilimeza akiba ya muda mrefu. Bima nyingi za wapangaji huwekea mipaka vifaa vinavyotumika kibiashara, kwa hiyo utahitaji nyingine. Kiwango cha serikali cha gharama za gari kilikuwa senti 67 kwa maili mwaka 2024, lakini mwajiri binafsi halazimishwi na sheria ya shirikisho kukifuata. Uliza ni kiasi gani utalipwa, kwani mashamba yako mbali na gari huzeeka haraka. Na kuna gharama ya nyumbani: sikukuu za watu ndizo siku zangu za kazi, na siku za mapumziko nilizipeleka shambani. Mwenzi wangu aliyavumilia hayo msimu wa kwanza, wa pili akauliza kama tunaweza kupanga kalenda, na tangu hapo Jumapili moja kati ya mbili si ya kamera.

Ninapokata tamaa, hufungua picha ambazo mpigapicha Russell Lee alipiga katika mji wa Crowley, huku Louisiana, mwezi Oktoba 1938, kwenye tamasha la mpunga, akiwa ametumwa na idara ya serikali iliyoshughulikia wakulima. Ziko katika Maktaba ya Bunge la Marekani na mtu yeyote anaweza kuzitazama bure. Ilikuwa kazi ya kutumwa kama zangu. Aliwapiga picha wanamuziki wa mashindano ya bendi, lakini aliwapiga picha pia watazamaji, na leo wajukuu wao huzitafuta picha hizo kwa sababu ya nyuso.

Kwa hiyo hifadhi kila kitu, hata picha za hundi, na uandike jina, mahali na tarehe ndani ya faili lenyewe, kwa sababu majina ya makabrasha hubadilika. Watu ninaowapiga picha ninawapelekea picha zilizosafishwa, kwa gharama yangu, na huwaandikia nyuma kwa penseli. Nakala moja ya faili zangu iko kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ndani ya sanduku lisilopitisha maji, juu ya kabati, tayari kubebwa tukiamriwa kuhama. Ya tatu iko kwa dada yangu Minneapolis, mbali na njia ya vimbunga. Kila Mei, kabla msimu wa vimbunga haujaanza, humtumia diski mpya naye hunirudishia ya zamani.